Uzi: Machicha ya juisi usiyatupe. Krekasi, mafini na vipande vya oti, vyote kwa vipimo vya gramu

#1 Tanuri_Moto

Wadau, mapishi ya machicha ya juisi yapo mengi, na karibu yote huanza na "vikombe viwili vya machicha". Hapo ndipo yanapoharibikia. Mashine ya kasi, ile inayokwangua na kurusha, huacha machicha yenye maji mengi. Mashine ya kukamua taratibu kwa parafujo huacha makavu zaidi. Kikombe kimoja cha kila aina kina uzito wake na maji yake, halafu mtu anashangaa mafini zimeiva juu na katikati bado mbichi.

Kwa hiyo uzi huu utakwenda kwa gramu. Asiye na mizani ya jikoni aitafute kwanza, vingine vitafuata.

Kabla ya kukamua. Machicha mazuri huanzia kwenye ubao wa kukatia. Osha na sugua karoti vizuri, maana mchanga haupiti kwenye chujio, wote unabaki kwenye machicha. Matufaha yatoe kitovu pamoja na mbegu. Mbegu zake zina amigdalini (kemikali chungu inayoweza kutoa sumu ya sianidi), na zikisagwa ni uchungu usio na faida. Machungwa na malimau yamenye mpaka ile nyama nyeupe iondoke, la sivyo hakuna sukari itakayofunika uchungu wake. Selari ikate vipande vya sentimita 1 hadi 2, ukikingama nyuzi zake, kwani nyuzi ndefu zikishaingia kwenye donge hazikatiki tena kwa kijiko. Tangawizi na limau zikamue mwisho kabisa, na ubadilishe chombo cha kupokelea ili machicha yake yakae peke yake.

Muda. Machicha ni chakula kilichosagwa, chenye maji, kilichokwisha kupigwa hewa. Yanaharibika haraka kuliko tunda lenyewe. Yasikae mezani zaidi ya saa 2 (joto la chumba likizidi nyuzi 32, saa 1). Kwenye friji chini ya nyuzi 4, yatumie ndani ya saa 24. Ukitaka kuyaweka, yagandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, mifuko ya gramu 200 iliyolazwa bapa, kwa miezi 3. Yakinuka pombe au yakiwa na uteute, usijipe moyo kwamba moto utayasafisha. Tupa.

Kipimo cha mkono. Kamata konzi moja na ubane kwa nguvu:
- maji yanadondoka: yabane kwenye kitambaa safi kwanza, juisi itakayotoka inywe au itumie badala ya maji ya kukandia
- linashikana donge bila kudondoka: hapo ndipo tunapotaka
- yanachambuka mkononi: nyunyiza maji au juisi, kijiko kimoja kimoja

Krekasi za mbegu (trei moja kubwa)

Machicha ya karoti, au karoti na tango, gramu 200
Mbegu za kitani zilizosagwa, gramu 60
Ufuta, gramu 30
Mbegu za alizeti, gramu 30
Mafuta, kijiko 1 cha chakula
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Binzari nyembamba, kijiko 1 cha chai, na pilipili manga kidogo
Maji, mililita 70

Changanya vyote, acha dakika 20. Usiruke hatua hii: mbegu za kitani zikilowa hutoa ute, na huo ute ndio unaoshika krekasi, maana hakuna ngano wala yai. Tandaza donge katikati ya karatasi mbili za kuokea, sukuma mpaka unene wa milimita 3, ncha na katikati sawasawa. Ondoa karatasi ya juu, chora mistari ya kukatia kwa kisu. Oveni nyuzi 150, dakika 25. Pindua, bandua karatasi, rudisha dakika 20 hadi 25. Zima moto, acha mlango wazi kidogo, krekasi zikauke humo nusu saa nyingine.

Oveni yenye feni, shusha nyuzi 15 hadi 20 kwa mapishi yote ya uzi huu.

---

#2 kijiko_kikubwa

Shukrani mkuu. Mbegu za kitani nikiziweka nzima bila kusaga je? Na zisipopatikana?

---

#3 Tanuri_Moto

Nzima hazishiki vya kutosha, ute unatoka kidogo tu juu ya ganda. Tena zinapita tumboni kama zilivyoingia. Saga kiasi unachotumia siku hiyo, kwa sababu unga wake una mafuta yanayochacha haraka. Uliobaki uingie friji.

Zisipopatikana tumia chia gramu 40, nzima hata hazina shida, ila ongeza maji yafike mililita 100 na uache dakika 30. Chia inanyonya maji mara nyingi ya uzito wake. Ute mweupe wa mayai mawili pia unashika, lakini krekasi inakuwa ngumu ya kuvunjika badala ya kumeguka.

---

#4 Mizani_Kwanza

Naongeza kitu ambacho kitawaokoa wengi kwenye krekasi: usiulize saa, uliza mizani.

Hesabu iko hivi. Machicha yaliyobanwa vizuri yana maji kama asilimia 80. Gramu 200 maana yake gramu 160 ni maji na 40 tu ndiyo kitu kigumu. Ongeza mbegu 120, mafuta kama 14, chumvi na viungo 5, maji 70. Donge zima ni kama gramu 409. Krekasi inayovunjika "tap" ina maji asilimia 4 hadi 5. Ukitoa maji yote isipokuwa hayo, na ukikumbuka mbegu nazo zina maji yake kidogo, unatakiwa ubaki na gramu 175 hadi 185.

Kwa hiyo pima trei tupu na karatasi yake, andika. Ukitoa krekasi, pima tena na utoe uzito wa trei. Ikisoma 215, hata kama zimepata rangi nzuri, ndani bado kuna zaidi ya gramu 30 za maji na kesho zitakuwa laini kama ngozi. Rudisha kwa nyuzi 120 mpaka uzito ushuke. Usipandishe moto ili kuharakisha, sukari ya karoti inaungua kabla maji hayajatoka.

Na asilimia 80 ni makadirio. Mashine yako ikoje? Pima gramu 100 za machicha, tandaza jembamba, weka oveni nyuzi 100 na uwe unapima kila nusu saa mpaka uzito uache kushuka. Yakibaki gramu 18, maji ni asilimia 82. Ukifanya hivyo mara moja kwa karoti na mara moja kwa matufaha, una namba zako za kutumia daima kwa mashine hiyo.

---

#5 Chujio

Mkuu wa mizani umenena. Niongeze sababu moja ya kulainika: kuzifungia zikiwa na uvuguvugu. Mvuke unabaki ndani ya kopo na krekasi zinaurudisha wote. Zipoe kwenye waya kwa saa nzima, si kwenye trei, ndipo ziingie kopo lenye mfuniko unaobana. Hapo zinakaa wiki 2. Zikilegea, nyuzi 140 kwa dakika 8, ziache zipoe, zinarudi.

---

#6 unga_mzima

Naleta mafini, kwa sababu hapo ndipo machicha yanapoonewa. Watu wanatupia machicha kwenye pishi lolote la keki bila kupunguza kitu, kisha wanalaumu bekingi pauda.

Mafini 12:

Unga wa ngano usiokobolewa, gramu 200
Bekingi pauda, vijiko 2 vya chai
Magadi soda, robo kijiko cha chai
Mdalasini, vijiko 2 vya chai. Kungumanga, robo kijiko
Chumvi, robo kijiko cha chai
Mayai 2
Mafuta, mililita 80
Sukari au asali, gramu 80
Mtindi, mililita 150
Machicha ya karoti na tufaha, gramu 180, yaliyobanwa

Vikavu bakuli moja, chekecha ili magadi yasiache madonge. Vibichi bakuli la pili, machicha yaingie humo na uyachambue kwa uma, yasibaki mabonge. Mimina vibichi kwenye vikavu, koroga kwa mwiko mara chache tu mpaka unga mkavu usionekane. Uji wenye vibonge vidogo ni sawa. Acha dakika 10, pumba za unga zinywe maji. Gawa kwenye vikombe, kama gramu 65 kila kimoja, oveni nyuzi 190, dakika 20 hadi 24.

Njiti ya meno inadanganya hapa, kwa sababu machicha yanaifuta. Mwenye kipimajoto achome katikati: nyuzi 96 hadi 98 imeiva. Asiye nacho abonyeze juu kwa kidole, ikirudi imeiva, ikibaki shimo bado.

Ukomo wa machicha: yasizidi uzito wa unga. Kambakamba zinakata nyavu za gluteni (protini ya ngano inayonata) zinazoshika hewa, na zinang'ang'ania maji ambayo wanga unayahitaji ili uive. Ukivuka hapo keki haipandi, hata uweke bekingi pauda kopo zima.

Viungo vinaonekana vingi, na ni vingi kwa makusudi. Sukari, asidi na harufu nyingi zimeondoka na juisi. Machicha yamepooza. Kiasi cha viungo unachoweka kwenye keki ya karoti iliyokwaruzwa, ongeza nusu yake.

---

#7 bakuli_la_bati

Swali kwa wataalamu. Mafini za karoti zina madoa ya kijani ndani, zimeoza au?

---

#8 unga_mzima

Hazijaoza. Karoti ina asidi ya klorojeniki, na hiyo ikikutana na alkali (kama magadi) na hewa inageuka kijani. Mbegu za alizeti nazo ndiyo hivyo hivyo, tena zaidi. Haina madhara, inatisha macho tu.

Maana yake magadi yamezidi asidi iliyopo. Magadi nusu kijiko cha chai yanahitaji kama mililita 240 za mtindi. Ndiyo maana pishi la juu lina robo kijiko tu kwa mililita 150. Ukibadilisha mtindi kwa maziwa ya kawaida, ondoa magadi kabisa na ubaki na bekingi pauda, ambayo ina asidi yake ndani. Na chekecha, doa la kijani lililokaa peke yake mara nyingi ni donge la magadi ambalo halikusambaa.

---

#9 KaratasiYaKuokea

Tukiwa kwenye rangi: bitiruti. Donge bichi ni la waridi la kuvutia, ukitoa ovenini ni kahawia. Kuna dawa?

---

#10 Mizani_Kwanza

Dawa nusu. Rangi ya bitiruti ni betalaini, na adui zake ni moto, hewa na alkali. Asidi inaisaidia. Weka kijiko 1 cha chakula cha maji ya limau kwa kila gramu 150 za machicha kabla ya kuchanganya na kitu kingine, usitumie magadi kabisa, na uoke kitu chembamba kwa moto mdogo. Krekasi za bitiruti za milimita 2 kwa nyuzi 110 hadi 120, saa moja na nusu hadi mbili, zinabaki na wekundu wa haja. Mafini za nyuzi 190 hazitabaki nao, kubali kahawia au weka kakao na uziite za chokoleti.

Mjulishe pia anayekula: bitiruti inaweza kutia wekundu kwenye mkojo. Asikimbilie hospitali.

---

#11 Tanuri_Moto

Kuna waliouliza kwenye ujumbe wa pembeni machicha gani yanafaa wapi. Kwa uzoefu wa jikoni:

Karoti inakubali kila kitu. Ukiwa na machicha ya aina moja tu, yawe haya. Rangi yake ya chungwa ni karotini, ambayo huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, kwa hiyo kiasi kizuri hubaki kwenye machicha, na yale mafuta ya kwenye pishi yanausaidia mwili kuichukua.

Tufaha na peasi ni za vitamu: mafini, vipande vya oti, chapati za maji za kikaangoni. Zina pektini, inayoshika unyevu, hivyo keki haikauki upesi. Kwenye krekasi pektini hiyohiyo ni kero, zinachelewa kukauka.

Tango na selari peke yake hazina ladha ya kubeba pishi. Changanya na karoti, robo kwa robo tatu, na uziweke upande wa chumvi. Majani ya kijani, spinachi na jamaa zake, yasizidi gramu 50 katika gramu 200, vinginevyo ladha ya majani inatawala. Yakatekate kwa kisu kwanza.

Tangawizi: gramu 10 hadi 15 kwa mafini 12, si zaidi, na usage upya kwa blenda kwa sababu nyuzi zake ni ndefu kuliko za kitu kingine chochote kwenye orodha hii. Machungwa yaliyomenywa vizuri, gramu 60 kwa pishi, yakichanganywa na karoti.

Nanasi nalitenga, lina mambo yake.

---

#12 Chujio

Hayo mambo ya nanasi ni haya. Nanasi bichi lina bromelaini, kimeng'enya kinachovunja protini. Ukichanganya machicha yake na maziwa, mtindi au yai na ukaacha "dakika 10 unga unywe maji" kama mkuu alivyosema, kimeng'enya kinafanya kazi muda wote huo, na kwenye maziwa kinaleta uchungu. Papai bichi na tangawizi mbichi vina vya kwao pia.

Moto unakiua. Weka machicha ya nanasi kwenye sufuria, moto wa wastani, koroga mpaka yafuke mvuke kila upande, kama dakika 5, poza, ndipo uchanganye. Faida ya pili ni kwamba maji yanapungua. Ukioka mara moja bila kusubiri hutaona tofauti kubwa, lakini kuchemsha ni uhakika. Kitovu kigumu cha katikati kikipita kwenye mashine huacha nyuzi kama za kamba, kitoe.

---

#13 mwiko_mrefu

Jamani tusidanganyane, hivi vitu ni vya afya kweli au ni keki ya kawaida iliyovaa jina zuri? Gramu 80 za sukari si mchezo.

---

#14 Mizani_Kwanza

Swali zuri, na jibu linategemea pishi.

Kinachobaki kwenye machicha ni nyuzinyuzi, hasa zile zisizoyeyuka. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo nyingi imeondoka na juisi, na iliyobaki oveni inaipunguza. Anayeuza maneno kwamba machicha yana "virutubisho vyote vya tunda" anazidisha. Lakini nyuzinyuzi si kitu kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, na ukichanganya machicha na unga usiokobolewa, oti na mbegu, unasogea kuelekea huko.

Sukari sasa. Gramu 80 kwa mafini 12 ni chini kidogo ya gramu 7 kwa moja. Shirika hilohilo linataka sukari huru (ya kuongezwa, pamoja na iliyo kwenye asali na juisi) isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu wa kalori 2,000, asilimia 5 ni kama gramu 25. Mafini moja imechukua zaidi ya robo ya hiyo. Kula moja, sawa. Tatu, umerudi kwenye keki. Na asali ni sukari huru vilevile, tusijifiche nyuma yake.

Ukitaka kupunguza: shuka mpaka gramu 50 na uweke gramu 60 za zabibu kavu zilizokatwakatwa. Chini ya 50 mafini inakauka, sababu sukari inashika unyevu pia, siyo utamu peke yake. Hapo ongeza mtindi mililita 20.

Krekasi za #1 hazina sukari ya kuongeza kabisa. Anayetafuta afya aanzie pale.

---

#15 unga_mzima

Naunga mkono. Na mwenye shida ya mawe ya figo aliyeambiwa na daktari apunguze oksalati (kitu cha kwenye mimea kinachochangia mawe hayo) asijaze machicha ya spinachi na bitiruti, zote mbili zinazo kwa wingi. Karoti na tufaha ziko chini.

---

#16 trei_mbili

Mimi nasubiri vile vipande vya kubeba kazini. Visivyo na unga wa ngano tafadhali.

---

#17 Chujio

Hivi hapa, chombo cha sentimita 20 kwa 20:

Oti gramu 200
Machicha ya tufaha, au tufaha na karoti, gramu 150
Tende zilizotolewa kokwa, gramu 80, zilowekwe kwa maji moto mililita 60 kwa dakika 15, kisha zipondwe pamoja na hayo maji
Siagi ya karanga isiyo na sukari, gramu 60
Mbegu za maboga au alizeti, gramu 40
Mdalasini kijiko 1 cha chai, chumvi robo kijiko

Kaanga oti na mbegu kwenye kikaango kikavu dakika 5 hadi 6 mpaka zinukie. Wengi wanaruka hapa na ndiyo maana vipande vyao vina ladha ya uji baridi. Changanya siagi ya karanga na tende, tia machicha, kisha vikavu. Tandika karatasi, shindilia kwa nguvu na kitako cha glasi mpaka unene wa sentimita moja na nusu, usiposhindilia vitamomonyoka. Nyuzi 170, dakika 30 hadi 35, kingo ziwe za dhahabu. Usikate vikiwa vya moto! Acha vipoe kabisa, ikiwezekana friji saa 2, ndipo ukate vipande 12.

Vina unyevu mwingi kuliko vile vya dukani, kwa hiyo kabatini havikai. Friji siku 5, au gandisha miezi 2. Anayeepuka gluteni kwa sababu ya ugonjwa atafute oti zilizothibitishwa, maana za kawaida huchanganyika na ngano viwandani. Mwenye mzio wa karanga aweke siagi ya ufuta, ila utamu utapungua, tende ziwe gramu 100.

---

#18 kijiko_kikubwa

Na machicha yakiwa mengi kuliko kuoka? Kuyakausha kuwa unga inawezekana?

---

#19 Tanuri_Moto

Inawezekana, na kwa karoti na tufaha inalipa. Tandaza milimita 3 hadi 5 juu ya karatasi, mashine ya kukaushia nyuzi 57 hadi 60, saa 8 hadi 12. Oveni iweke nyuzi 80 hadi 90, mlango umeshikiliwa wazi na mpini wa mwiko ili mvuke utoke, saa 3 hadi 5, ukigeuza kila saa. Moto ukizidi, ngozi ya juu inakuwa ngumu na kufungia maji ndani. Unaona yamekauka, unasaga, baada ya wiki unga umeota ukungu.

Yakikauka yanavunjika, hayapindiki. Gramu 500 mbichi za asilimia 80 zitakupa kama gramu 105. Poza, saga, chekecha, kinachobaki juu ya chekeche saga tena.

Matumizi: badala ya asilimia 10 ya unga wa ngano, 15 ukijiamini. Huu si unga wa kubadilishana gramu kwa gramu, hauna wanga wala gluteni ya kushika kitu. Unanyonya sana pia: kila gramu 10 ongeza kama gramu 20 za maji au maziwa, subiri dakika 10, angalia uzito wa uji kisha uamue. Kopo la kubana, mahali penye giza, kwa sababu mwanga unafifisha ile karotini.

---

#20 bakuli_la_bati

Machicha ya maziwa ya lozi yanaingia kwenye haya mapishi?

---

#21 Mizani_Kwanza

Yanaingia, kwa masharti. Yale yana mafuta na protini, nyuzi zake ni laini, na maji yake hutoka kirahisi ukibana. Kwenye krekasi za #1 weka nusu kwa nusu na karoti na punguza mafuta yawe kijiko cha chai. Kwenye mafini yanaleta ulaini mzuri, gramu 60 katika zile 180. Ukiyakausha usivuke nyuzi 90, moto ukizidi mafuta yake yanawahi kuchacha. Hifadhi friji, tumia ndani ya mwezi.

---

#22 trei_mbili

La mwisho kutoka kwangu: machicha yaliyogandishwa yanaingia kwenye pishi moja kwa moja?

---

#23 unga_mzima

Hapana. Barafu inapasua kuta za seli, kwa hiyo yakiyeyuka yanaachia maji ambayo mwanzo yalikuwa yameshikiliwa, hata kama uliyabana kabla ya kugandisha. Yayeyushie friji usiku kucha ndani ya chujio lililokaa juu ya bakuli, bana tena, ndipo upime. Ule mfuko wa gramu 200 hautasoma 200 tena. Ukitaka zitimie, fungua mfuko wa pili. Usijazie kwa maji. Yale yaliyodondoka bakulini yatumie kwenye zile mililita 70 za krekasi, lakini siku hiyohiyo.